Mia Moja na Ishirini na Nane

Jumanne, 1 Oktoba

Saa zimefika. Farouk alizileta uwanjani Kirumba ndani ya boksi la viatu, kumi na mbili, kila moja ndani ya nailoni yake. Wakimbiaji walikuwa wameshazivaa kabla hajamaliza kueleza. Ni za mpira mweusi, na mgongoni zina vitaa vya kijani vinavyomulika ngozi. Farouk anasema kwa mwanga huo saa inaona damu ikipita na kuhesabu mapigo ya moyo, hata mtu akiwa mbioni. Namba zinaingia kwenye simu yake kila jioni, na kila Jumatatu anazituma kwa wafadhili. Desemba watachagua wasichana wawili wa klabu yetu waende kambi ya Arusha miezi sita, chakula na malazi juu yao.

Farouk ana miaka ishirini na tisa, amesomea mambo ya michezo, na wafadhili ndio waliomleta kwetu. Mimi nimefundisha klabu hii miaka kumi na moja kwa filimbi na macho yangu. Kazini, huko Buswelu, mimi ni mwalimu wa baiolojia. Nimechora moyo ubaoni mpaka chaki zimeisha, vyumba vinne, mishipa ya bluu na nyekundu, lakini moyo wa mtu anayekimbia sijawahi kuuona. Sasa nitauona. Ndiyo maana nimenunua daftari hili, niandike mazoezi ya msimu mzima wa vuli.

Alhamisi, 3 Oktoba

Vumbi. Mvua bado. Hellen aliongoza raundi zote. Minza alichelewa dakika ishirini na alikuja ananuka dagaa.

Jumamosi, 5 Oktoba

Niandike kuhusu Minza, maana ndiye anayenisumbua. Ana miaka kumi na tisa. Mwaka jana alishinda mita elfu tano za mkoa kwa namna ambayo watu wazima walisimama jukwaani. Alimaliza kidato cha nne, hakuchaguliwa kuendelea, na sasa anamsaidia mama yake kuanika na kupepeta dagaa pale Mwaloni, soko la samaki. Tangu mwezi wa sita anashuka. Anaanza vizuri, halafu kama mtu aliyekata tamaa, anaachia wenzake wapite.

Leo baada ya raundi ya nane alikuja pembeni ameshika kiuno.

"Mwalimu, moyo unaenda mbio mno. Naomba nipumzike kidogo."

Farouk akamshika mkono, akasoma saa. "Mia na ishirini na nne," akasema. "Kwa umri wake moyo unaweza kufika mia mbili. Mia na ishirini na nne ni mtu anapanda ngazi, madam."

Nikamwangalia Minza. Alikuwa anahema, ni kweli, lakini wakimbiaji ni mafundi wa kuhema. Nikamwambia arudi kwenye mstari. Akarudi.

Jumatano, 9 Oktoba

Farouk amenionyesha jedwali la wiki nzima. Hellen: mia sabini na moja, mia sabini na nne, mia sabini na tatu. Minza: mia na ishirini na moja, mia na ishirini na sita, mia na kumi na tisa.

"Huyu anafanya kazi," alisema akiweka kidole kwenye jina la Hellen. Akakishusha. "Huyu anatusindikiza."

Nilipenda alivyosema kwa upole, bila kumtukana mtu. Mimi nimekuwa nikibishana na nafsi yangu juu ya Minza miezi minne, kumbe jibu ni mstari mmoja wa namba. Leo nilimwambia mbele ya wenzake, "Saa haina undugu na mtu." Aliinama akakaza kamba za viatu ambazo zilikuwa zimekazwa tayari.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu, shule zimefungwa, kwa hiyo tulikimbia asubuhi. Mbio za taratibu tu, za kupiga soga. Hellen alikuwa anasimulia harusi ya dada yake mwanzo mpaka mwisho bila kukatika pumzi, lakini saa yake ikasema mia sabini na sita. Nikashangaa. Mtu mwenye moyo wa mia sabini na sita hasimulii harusi.

Nikakimbia pembeni yake nikihesabu miguu yake kwa dakika moja. Hatua mia sabini na sita. Nikahesabu tena. Mia sabini na tano.

Nilimwita Farouk. Mwanzoni alisema ni bahati tu. Baadaye akasoma kwenye simu, akakiri inatokea: mkono ukitikisika kwa mpigo wa hatua, na saa ikiwa imelegea, ile mashine inachanganya mtikisiko na damu, inahesabu miguu ikidhani ni moyo. Tukampandishia Hellen saa juu kidogo ya kifundo cha mkono na kuikaza. Ikashuka mpaka mia arobaini na nane.

Nikauliza, "Na wengine?"

"Ilikuwa ni mkanda wa Hellen tu, madam. Ulilegea."

Nikaridhika. Naandika neno hilo kama lilivyo.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mawingu upande wa ziwa, yakaondoka. Minza hakuja. Ametuma ujumbe kwamba anaumwa mgongo.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha jana, na leo njia za Buswelu zimekuwa tope jekundu. Tulipandisha kilima chenye mawe mara sita. Mara ya nne Minza alisimama katikati, akashika jiwe.

Nilishuka kumfuata nikiwa nimekasirika. Nilipofika nikaona midomo yake imepauka, basi nikafanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza: nikaweka vidole viwili shingoni mwake na kuhesabu kwa sekunde kumi na tano. Arobaini na moja. Hiyo ni mia sitini na nne kwa dakika. Saa yake ilikuwa inaonyesha mia na ishirini na mbili.

Nikahesabu tena. Thelathini na tatu. Mara ya tatu, arobaini na sita. Mapigo hayakuwa sawasawa. Mengine makubwa, mengine kama yamejikwaa, halafu nafasi tupu, halafu matatu kwa pamoja. Nilidhani vidole vyangu vinateleza kwa jasho.

Farouk alikuwa amefika. "Umepata ngapi?"

"Nimepata tatu tofauti."

Akacheka kidogo, si kwa dharau. "Sasa vidole vinavyotoa majibu matatu na mashine inayotoa jibu moja, madam, utaamini kipi?"

Nikasema mashine. Minza alikuwa anatusikiliza wote wawili huku ameegemea jiwe. Akamaliza mara mbili zilizobaki akitembea.

Jumanne, 29 Oktoba

Mvua tangu saa nane mchana. Hakuna mazoezi. Nimesahihisha daftari za kidato cha pili: "Taja kazi za moyo." Nusu wamekosa.

Jumamosi, 2 Novemba

Baada ya mazoezi nilikwenda Mwaloni kununua samaki. Kwa kweli nilikwenda kumwona mama yake Minza nimwambie mtoto anatupotea. Anaitwa Paskazia. Nilimkuta kwenye vichanja vyake anageuza dagaa kwa mikono miwili, kanga kichwani. Sijawahi kumpenda sana huyu mama. Kila mara Minza akichelewa, jina la mama ndilo linatajwa, na mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba ndiye anayemvuta mtoto nyuma.

"Karibu mwalimu. Nilikuwa nataka kuja kwako, miguu ndiyo haijapata nafasi." Akafuta mikono. "Mwanangu halali."

"Halali vipi?"

"Analala amekaa. Akilala chali anakohoa, anasema anazama. Nimempa mito yote ya nyumbani na bado anaegemea ukuta. Na zamani gunia hili la dagaa analibeba peke yake mpaka kule barabarani. Sasa analiweka chini mara tatu."

Nikamwambia huenda ni kifua, mvua zimeanza, na moshi wa jikoni.

"Siyo kifua. Kifua nakijua." Aliweka kiganja chake juu ya titi lake la kushoto. "Ni hapa. Nikimkumbatia nasikia panapiga kama kuku uliyemshika miguu. Mpeleke hospitali, mwalimu. Nyie watu wa michezo mkisema wanawasikiliza. Mimi nimekwenda pale zahanati mara mbili, nimepewa dawa ya malaria mara mbili."

Na mimi nikamjibu nini? Nimeliandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilisema kitu kingine. Nilimwambia, "Mama Minza, usiwe na wasiwasi. Mtoto wako amevaa saa inayopima moyo wake kila siku, kila dakika. Kungekuwa na tatizo tungeshaliona."

Alinitazama muda, akaangalia saa yangu ya kawaida mkononi, kama vile ndiyo hiyo. "Basi sawa," akasema. "Kama mashine imeona."

Akanifungia dagaa wa bure.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua. Hellen vizuri. Minza mia na ishirini. Farouk ameanza kumwita "Mia na Ishirini" na wenzake wamedaka. Sikukataza.

Jumanne, 12 Novemba

Wafadhili wametuma ujumbe: jaribio la mwisho ni Jumamosi, kilomita kumi, Buswelu kwenda Kisesa, kila mtu na saa yake. Baada ya mazoezi nilimwita Minza faragha. Nilimwambia nafasi ya pili bado iko wazi, muda wake wa mwaka jana unatosha kabisa kuichukua, na kinachokosekana ni moyo. Nilitumia neno hilo. Alikuwa amevua viatu, na alama za soksi zimezama kwenye miguu yake kama kwenye unga uliokandwa. Niliona. Nilidhani soksi zimebana.

"Nitajitahidi, mwalimu," alisema.

Jumapili, 17 Novemba

Sijui nianzie wapi. Nianzie barabarani.

Jana tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika usiku, hewa nzito, lami inang'aa. Farouk aliendesha pikipiki, mimi nyuma yake na filimbi. Hellen na wenzake watatu walitangulia. Minza alikaa nao mpaka kilomita ya tano, na nilifurahi, nikampiga Farouk begani nikamwambia unaona, maneno yameingia.

Kwenye kilomita ya sita akaanza kuachwa. Tukarudi nyuma tukaenda sambamba naye. Alikuwa anakimbia mdomo wazi, kichwa amekiinua juu, kama mtu anayetafuta hewa iliyo juu zaidi.

"Soma!" nikamwambia.

Aliinua mkono. Ilimchukua hatua nne au tano kupata pumzi ya kusema. "Mia moja... na ishirini... na nane."

"Basi una nafasi kubwa! Mia na ishirini na nane ni ya mtu anakwenda sokoni! Ongeza!"

Akaniangalia. Nimekuwa nikiiona sura hiyo tangu jana. Haikuwa ya kubisha. Ilikuwa sura ya mtoto aliyeambiwa jibu lake ni kosa, na anakubali.

Akaongeza. Hilo ndilo nataka libaki limeandikwa mahali. Nilimwambia aongeze, akaongeza. Alikimbia mita mia nane au tisa kwa kasi ambayo sijaiona tangu mwaka jana, na mimi nikipiga filimbi. Akamkaribia msichana wa nne. Halafu akatoka barabarani taratibu, kama mtu aliyekumbuka kitu, akakaa kwenye majani, miguu ameinyoosha.

Nilishuka kwenye pikipiki nikiwa bado namwambia ainuke. Kisha akakohoa, na kilichotoka mdomoni kilikuwa povu, povu la rangi ya waridi. Midomo ilikuwa ya kijivu. Nilitaka kumlaza akanishika blauzi kwa nguvu akitikisa kichwa, hataki kulala, na hapo nikamsikia mama yake akiniambia, analala amekaa. Nikakaa nyuma yake matopeni, nikamwegemeza kifuani pangu. Kupitia mgongo wake nilikuwa nausikia moyo wake ukinigonga mimi. Hakuna mtu aliyehitaji kuniambia namba.

Farouk alisimamisha pikapu iliyobeba nyanya. Tulipanda nyuma katikati ya matenga, mimi nimemshika amekaa, Farouk anatufuata. Njiani mkono wa Minza ulikuwa umelala juu ya goti langu na vile vitaa vya kijani vikiendelea kumulika. Mia na kumi na nane. Mia na ishirini na moja. Sikuweza kuacha kusoma.

Hospitali ya rufaa walimpokea haraka. Daktari, mtu mzima mwembamba anayeitwa Obedi, aliweka kipimo chake kifuani huku nesi ameshika mkono wa Minza, wakahesabu kwa pamoja.

"Mkononi mia na kumi na sita," nesi akasema.

"Kifuani mia na tisini na mbili," daktari akasema. Hapo ndipo alipoiona ile saa. "Hii ni ya nani?"

Nikasema ni yetu. Akaifungua, akaniwekea kiganjani, akaendelea na kazi.

Yuko hai. Wamemwekea oksijeni na dawa ya kutoa maji kwenye mapafu. Mama yake alifika saa nne na nguo za Mwaloni. Hakunisalimia, na wala hakunilaumu. Alipita akaenda kuweka kiganja chake pale pale, upande wa kushoto, akakiacha hapo.

Jumatatu, 18 Novemba

Daktari Obedi amenieleza, kwa sababu niliomba nielezwe. Mlango mmoja wa moyo wa Minza, yaani vali, umekaza na haufunguki vizuri. Ni jeraha la utotoni. Mama yake anakumbuka alipokuwa darasa la tatu koo lilimwuma, kisha magoti yakavimba mwezi mzima, yakapona yenyewe. Kumbe magoti yalipona na moyo ukabaki na kovu. Kadiri mlango unavyokaza, damu inarudi nyuma kwenye mapafu. Na miezi ya karibuni moyo ukaanza kupiga ovyo, bila mpangilio.

"Kwa hiyo mapigo mengine yalikuwa matupu," alisema. "Moyo unapiga kabla haujajaa. Kifuani utalisikia pigo, lakini mkononi halifiki. Hata kidole changu hapo mkononi kingepotea. Saa yako ilikuwa na kazi mbili ngumu, mtu anayekimbia na moyo wa namna hii. Hata kwa mzima hizi saa za mkononi zinapotea mtu akiwa mbioni, zinachelewa, zinachanganya na mkono unavyorushwa. Mnaotaka uhakika vaeni mkanda wa kifuani."

Nikamwambia nilihesabu shingoni tarehe ishirini na sita, nikapata majibu matatu tofauti.

"Hayo majibu matatu ndiyo yalikuwa ugonjwa wenyewe, mwalimu."

Nimefundisha baiolojia miaka kumi na sita. Nilitembea kutoka wodini mpaka getini nikasahau nilikuwa naelekea wapi.

Alhamisi, 21 Novemba

Amekula uji. Mvua.

Ijumaa, 22 Novemba

Kikao cha klabu. Mwenyekiti alisoma barua inayokwenda kwa wafadhili. Inasema mwanariadha alificha maradhi ya zamani, na kwamba "takwimu za mapigo ya moyo kwa kipindi chote zinathibitisha hakuwahi kupewa mazoezi yaliyozidi uwezo wake." Jedwali limeambatanishwa. Mia na ishirini na moja, mia na ishirini na sita, mia na ishirini na nane.

Nikasimama. Nikasema hakuficha kitu. Aliniambia tarehe tano Oktoba kwa mdomo wake, mama yake aliniambia tarehe mbili Novemba, na hizo namba ni za uongo. Nilikuwa na daftari hili mkononi.

Mwenyekiti akasema, "Sabina, unataka kujifunga mwenyewe?"

"Nataka iandikwe nilichofanya."

"Ukiandika hivyo, wasichana kumi na moja wanapoteza ufadhili. Na Minza haponi kwa sababu ya barua yako."

Walipiga kura kwa kuinua mikono. Barua imepita kama ilivyo. Hellen alikuwa amekaa mlangoni na wenzake, wanatuangalia. Mkono wake mmoja ulikuwa umefunika saa.

Jumapili, 1 Desemba

Farouk alikuja nyumbani mchana, mvua inanyesha, akagoma kukaa kwenye kochi kwa sababu alikuwa ameloa. Wiki mbili hizi nimemchukia. Imekuwa ndiyo kazi yangu ya pekee niliyoifanya vizuri. Nilikuwa nimeandaa maneno.

Kabla sijayatoa akafungua simu yake. Ameazima mkanda wa kifuani kwa rafiki yake, na kwa siku tisa amekuwa akikimbia peke yake kupandisha mlima, mkanda kifuani, saa zetu mbili mikononi, moja kila upande. Alinionyesha. Akianza kwa kasi, mkanda unasema mia sitini na tano, saa ya kushoto inasema mia na thelathini na moja, ya kulia mia na themanini. Inachukua dakika kadhaa kukubaliana, na wakati mwingine hazikubaliani kabisa. Naye ni kijana mzima asiyeumwa kitu.

"Nimewaandikia wafadhili," alisema. "Nimewatumia kila kitu. Na kuhusu Minza pia."

"Wakasemaje?"

"Wameshukuru kwa maoni. Wanasema Januari wanatuletea saa nyingine kumi, toleo jipya."

Halafu machozi yakamtoka, akageuzia uso ukutani. "Mimi ndiye niliyempa lile jina, madam."

Niliyaacha maneno niliyoandaa. Niliona tu kijana aliyefundishwa kuamini kifaa akaamini. Mimi nilikuwa na masikio, na vidole, na mama wa mtoto amesimama mbele yangu. Nikampa taulo.

Alhamisi, 5 Desemba

Waliochaguliwa wametangazwa. Hellen na mwenzake mmoja wa klabu anayetoka Kisesa. Hellen alinifuata kwenye geti la uwanja.

"Mwalimu, kule Arusha nikisikia vibaya na saa ikisema niko sawa, nifanyeje?"

Nikamwambia akae chini. Akae chini hata kama watu wote wanapiga filimbi.

"Si watanirudisha nyumbani?"

Nikasema ndiyo, inawezekana watakurudisha. Leo nimeandika barua ya kuacha ukocha. Mwenyekiti ameipokea bila kuuliza swali.

Jumamosi, 14 Desemba

Minza aliruhusiwa wiki iliyopita. Jumatatu anasafiri kwenda Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji wa mlango wa moyo, kama atakuwa na nguvu ya kutosha. Daktari Obedi alinijibu kwa uangalifu nilipomwuliza. Atembee, ndiyo. Azae, itategemea. Akimbie, hapana.

Nilikwenda kwao Kirumba leo asubuhi. Alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha plastiki, amefungwa kanga mbili, mikono imekuwa kama ya mtoto wa darasa la nne. Mama yake alikuwa kwenye kigoda kando yake, anapepeta dagaa kwenye ungo.

"Shikamoo mwalimu," akasema Minza.

Niliitikia marahaba. Nilikuwa nimejiambia njiani kwamba sitalia mbele yao, na sitaomba msamaha kwa namna ya kuwalazimisha wanifariji. Kwa hiyo nikasema moja kwa moja, mama yake akisikia. Nilisema, "Minza, uliniambia unaumwa nikaacha kukusikia. Nilidhani wewe ni mvivu. Nilidhani hivyo wiki sita nzima."

Alitazama mikono yake.

"Hata mimi, mwalimu."

Sikumwelewa.

"Nilikuwa nasikia moyo kama unataka kutoka. Halafu naangalia mkono, naona mia na ishirini. Nikajiambia basi huu siyo moyo, hii ni tabia yangu. Nikaenda kanisani kuombewa." Alisema bila uchungu, kama anayetaja alikokwenda kununua chumvi. "Mara mbili. Mchungaji akauliza shida ni nini, nikamwambia nina uvivu. Akaniwekea mikono kichwani, akaukemea. Ndiyo maana ile siku uliposema ongeza, niliongeza. Nilijua uvivu umeshatoka."

Mama yake aliacha kupepeta. Ungo ulikuwa mapajani mwake, dagaa wote wamelala upande mmoja, na alikuwa anamwangalia mwanawe kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Ni wazi hakuwa amelijua hilo.

Kisha Minza akaniinulia macho, na nikaona ana swali la kweli, na kwamba amelihifadhi kwa ajili yangu kwa sababu mimi ni mwalimu.

"Wakishautengeneza huo mlango," akasema, "nitajuaje nikichoka kama nimechoka kweli?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Mama yake naye akageuka kunisikiliza. Wote wawili wakasubiri.